Ijumaa Tuliyokuwa Verona

Wiki iliyopita nilikuwa nikipanga nguo za zamani katika sanduku la chuma lililokaa miaka mingi nyumbani kwetu Nizwa, Omani, na ndani ya mfuko wa koti langu la utotoni nikakuta sarafu. Si pesa. Ni sarafu ya simu, ya rangi ya shaba, ina mfereji mmoja upande huu na miwili upande wa pili. Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho, na mimi nikakaa chini palepale, nguo zote zimenizunguka. Nataka kukuelezeni habari yake, maana sijapata kumweleza mtu yote.

Mimi ni Zuwena. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa na mdogo wangu Said alikuwa na minne. Baba alikuwa fundi mkuu katika karakana ya pampu za maji kule Firq. Pampu zenyewe zilitoka Italia, na miaka michache kabla walimpeleka Brescia kujifunza kuzifungua na kuzifunga. Alirudi na maneno kumi ya Kitaliano, akayatumia mpaka kwa mbuzi wetu, na alirudi na ahadi kwa mama kwamba siku moja atampeleka akaione miji ile. Watu walicheka. Mama hakucheka, wala hakuamini. Tangu alipotoka Unguja, msichana mdogo, mama alikuwa mtu wa kufanya kazi na kunyamaza.

Tulikuwa tukikaa na Bibi, mama yake mama. Alikuwa na sukari, mguu mmoja ukimvimba, na mdomo wake haukuwa na breki. Tikiti zilipokuja kweli, mama akasema haendi, hamwachi mamake. Bibi akamjia juu.

"Nenda, Raya, usinikalie hapa kama askari. Mimi nitakwenda Ibra kwa Seif." Seif ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye dukani kwake kulikuwa na simu. "Ila usiniletee vitu. Vitu ninavyo mpaka kabati halifungiki. Niletee habari. Utakachokiona chochote, nataka kukisikia."

Basi tukasafiri. Mama alitia katika sanduku tende, kahawa, na kopo la plastiki la chooni, kwa sababu baba alimtahadharisha kwamba vyoo vya Wazungu havina maji ya kutawadhia. Uwanja wa ndege wa Milano, askari wa forodha alilitoa lile kopo, akalitazama ndani, akaligonga chini, akamwita mwenzake naye aje alitazame. Baba alijaribu maneno yake kumi na hakuna hata moja lililohusu kopo. Mama alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Hii ya kwanza," alisema. "Wallahi hii nitamwambia mama."

Kutoka siku ile ikawa ndiyo kazi yetu. Kila baada ya magharibi mama alikaa juu ya kitanda cha hoteli, akatuuliza: leo tumeona nini cha Bibi? Tulikuwa na mengi. Brescia baba alitupeleka mpaka kwenye geti la kiwanda, akasimama mbele ya pampu kuukuu waliyoiweka uwanjani kwa pambo, akapigwa picha nayo huku ameiwekea mkono begani. Tulikula samaki na mayai mpaka Said akamuuliza mhudumu, kwa Kiswahili, kama kwao hakuna wali. Verona nyumba zilikuwa za mawe ya rangi ya waridi, na wanawake walikung'uta mazulia madirishani huku wakigombana na wapita njia. Mama alisimama kusikiliza ule ugomvi kama anaufahamu. "Hawa wa Malindi hawa," alisema, akakumbuka mitaa ya Mjini, Unguja, ambayo sisi watoto hatukupata kumsikia akiitaja.

Baba na mjomba walikuwa wamekubaliana kwamba kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini kule Ibra, baba atapiga simu dukani. Ijumaa ya kwanza, tuko Milano, Bibi mwenyewe alishika simu akapiga kelele kana kwamba sauti itafika bila ya waya. Ijumaa ya pili tulikuwa Verona. Mama alibaki katika uwanja wa katikati ya mji na Said, aliyekuwa akifukuza njiwa, na mimi nikamganda baba kwa kuwa safari hii nilitaka kuwa wa kwanza kuzungumza.

Tulianza kwenye mkahawa mmoja. Baba alinunua sarafu ya simu, lakini mwenye mkahawa akatufahamisha kwa mikono kwamba ile ni ya kupigia hapohapo mjini, Omani ni mbali. Nikaitia ile sarafu mfukoni. Akatuelekeza nyumba ya simu, ambayo ilikuwa na vibanda vya mbao na harufu ya sigara na nta ya sakafuni. Tulijibana katika kibanda kimoja, sikio langu karibu na mkono wa baba, na sauti ya mjomba ikaja nyembamba lakini safi.

"Shikamoo, Bwana Seif," alisema baba.

Mjomba hakuitikia. Alisema: "Mama katutoka. Alfajiri ya leo. Tumemzika kabla ya sala." Kisha akasema: "Usimwambie Raya. Mwambie mgonjwa, kisha umlete."

Hapa sharti nikufahamisheni. Kwetu, aliye safarini haambiwi msiba. Huambiwa fulani mgonjwa, hali si nzuri, njoo. Hufunga mizigo akijua bila ya kuambiwa, na njia nzima moyo wake unazoea kidogo kidogo, mpaka anapofika mlangoni na kukuta mikeka imetandikwa na watu wamekaa. Tena hufika kabla siku tatu za matanga hazijesha, akalia na wenzake. Kila mtu kwetu anaijua desturi hii, na baba aliijua vizuri kuliko mimi.

Simu ilikatika na yeye bado ameishikilia. Halafu akachutama ndani ya kile kibanda, magoti yake yakagusa yangu.

"Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Bibi keshazikwa. Hata tukiruka sasa hivi hatumkuti. Zimebaki siku tano tu. Tangu nimuoe mamako sijamuona akicheka namna hii. Tusimwambie kitu."

"Hata mgonjwa?"

"Hata mgonjwa."

Nilikubali. Baba hakuwa mtu wa kuniomba jambo, na macho yake yalikuwa mekundu.

Uwanjani mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe, kiatu kimoja mkononi, anakung'uta mchanga. Akauliza: "Vipi mama?"

"Hajambo," alisema baba. "Anakusalimu."

Kesho yake tulikwenda Padova, na Jumapili tukaingia Venisi. Sijui nikuelezeni vipi mama alivyokuwa Venisi. Ule mji una vichochoro vyembamba, kuta zinabambuka chokaa, milango mikubwa ya mbao, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, na kila ukigeuka kuna daraja. Mama alitembea mbele yetu, yeye ambaye siku zote alikuwa nyuma. Aligusa kuta. Alitupoteza makusudi ili tutafute njia, na tulipokwama alicheka peke yake. Alisimulia jinsi Bibi alivyokuwa akimtuma dukani kupitia vichochoro vya Shangani, kule Mjini, naye akihesabu milango ili asipotee, na jinsi Bibi alivyokuwa akimfuata nyuma kwa kujificha, asiamini kama anaweza kufika.

"Nikifika tu," alisema, "hata buibui sivui. Nitamwambia, mama, nimeiona Shangani imejaa maji."

 Nilimchukia baba, kisha nikimuona mama anacheka nampenda baba, kisha namchukia tena.

Tulirudi siku ya Jumatano, na kutoka uwanja wa ndege mama akataka twende moja kwa moja Ibra. Ndani ya gari alizipanga habari zake, ipi ianze, ipi ifuate. Kopo ndilo lilikuwa la kwanza.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Mikeka ilikwisha kukunjwa na nyumba ilikwisha kufagiwa. Mke wake akaja akamkumbatia mama na kuanza kulia.

"Lini?" mama aliuliza.

"Ijumaa," alisema mjomba.

Akamgeukia baba. "Ijumaa ulipiga simu. Ukanambia ananisalimu."

Baba aliyaweka masanduku chini.

"Hakukuwa na ndege?"

"Ilikuwako. Jumamosi."

"Ungenambia mgonjwa," mama alisema. Hakupaza sauti. "Mgonjwa tu, Baba Zuwena. Mimi ningefahamu."

Kumbe zile siku tatu za matanga watu walikuwa wamekuja kutoka Nizwa na mpaka Sur, wakauliza binti yake yuko wapi, wakajibiwa yuko Italia, anatembea. Usiku ule, kabla hatujalala, mama aliniuliza kama na mimi nilijua. Nikasema sikujua.

Aliishi na baba miaka mingi baada ya hapo. Alimpikia, alimuuguza, alimfumba macho. Lakini Italia haikutajwa tena ndani ya nyumba yetu, na mgeni akiiona ile picha ya pampu akauliza, mama alikwenda jikoni. Zile habari hakumpa mtu.

Mwaka aliougua yeye, asubuhi moja nikimkata kucha, nilishindwa kuendelea kuubeba ule uongo.

"Mama, kule Verona mimi nilijua. Nilikuwamo katika kibanda cha simu."

"Nnajua," alisema.

Nikaiacha mikasi.

"Kule Padova, kila nikimtaja mama ulikuwa ukinishika mkono. Ukinibana mpaka unaniumiza. Nikajua pana jambo, na jambo lenyewe nikalijua."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenambia." Akautazama mkono wake uliokuwa ndani ya mkono wangu. "Nami nilikuwa sijaiona Venisi."

 Nilimaliza kumkata kucha, nikampangusa vidole kimoja kimoja. Utotoni nilidhani hasira ya mama ilikuwa kwa baba peke yake. Sasa najua alikuwa amejinunia mwenyewe, na hakuwa na pa kuiweka ila kwa baba. Na baba alikufa akiamini kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Mama alimwacha aamini hivyo, na mimi, niliyekuwamo katika kile kibanda, nilimwacha pia.