Midomo ya Mzee Tsofa

Kila asubuhi Mzee Tsofa akitoka bafuni, taulo begani, alibisha mlango wa chumba chake mwenyewe. Mlango una kufuli, ufunguo anao yeye, na ndani hamna mtu. Hata hivyo atagonga mara mbili, aseme, "Hodi wenyewe," angoje kidogo, ndipo afungue. Swabra alipohamia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, wiki ya kwanza tu alimjibu kutoka chumba cha tatu, "Karibu, lakini mwenyewe hayupo!" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akainama kama mtu anayepigiwa makofi, akaingia.

Chumba chetu na chake vilitenganishwa na ukuta usiofika kwenye mabati. Hapa Mikindani nyumba nyingi ziko hivyo, mtu akikohoa huku, wa kule humwambia pole. Mimi si msemaji, na shule niliacha darasa la sita, basi mchana kutwa nilikuwa pale namsikia. Kilichoshangaza wapangaji wapya ni kwamba chumba kile kilijaa watu. Utasikia mzee anakemea, mwanamke analia, kijana anajitetea, chifu anacheka cheko la kushiba. Sisi tulipohamia, mama alinipa sahani ya mahamri nimpelekee jirani mwenye wageni. Nikakuta mtu mmoja ameketi kitandani, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akatazama yale mahamri manane, akasema, "Haya yote yangu?"

Kazi yake ilikuwa kuigiza. Kwao ni Kaloleni. Alikuja mjini kijana, akasukuma mkokoteni sokoni Kongowea, na huku akisukuma magunia ya viazi aliwaiga matajiri wenye malori, mmoja mmoja, mpaka wenyewe wakawa wanamwita, "We Tsofa, hebu nifanye mimi leo!" Hapo ndipo Boga alipomsikia. Boga alikuwa na kikundi cha maigizo kinachozunguka shule za sekondari, na kwa waigizaji wa kwetu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tamthilia ikichaguliwa iwe ya mtihani wa kidato cha nne, vikundi huikariri, hukodi Nissan, hwenda Kwale, Kilifi, Voi mpaka Taveta, wanafunzi wakaone kwa macho kile watakachoulizwa. Baada ya miaka kitabu hubadilishwa. Hapo kila mwigizaji huanza upya, na wako wanaokosa nafasi.

Mzee Tsofa shule aliishia darasa la tatu, na kusoma kulimshinda. Maneno yake alisomewa na mkewe, Mweri, jioni akikuna nazi, kitabu kimefunguliwa mbele yake. Mweri alikuwa haruki kitu. Alimsomea kitabu kizima, na sauti zote alizitia yeye. Basi Tsofa hakukariri sehemu yake peke yake kama wenzake. Alikariri watu wote, na taabu yake ilianzia hapo. Jukwaani, mwenzake akisema, midomo ya Tsofa humfuata neno kwa neno, bila sauti, na mwenyewe hajui.

Zamani haikuwa neno. Alikuwa na sauti ya kujaza bwalo la shule bila kipaza sauti, na wanafunzi walimtazama anaposema, si anaponyamaza. Ni Mweri aliyechoka kwanza. Mume yuko safarini nusu ya mwaka, na akirudi yuko na watu wake wa kitabuni. Siku aliyofunga mzigo kwenda kwa kakake Mariakani alimwambia, "Tsofa, wewe huna haja ya mke. Humo ndani mwako mumejaa." Watoto hawakujaliwa. Tangu hapo vitabu alirekodiwa kwenye simu na Dorcas, mwenzake wa kikundini. Haya alimwambia mama yangu, akiwa amesimama mlangoni na sahani yetu mkononi, na alipomaliza hakuondoka, alisimama tu.

Kisha televisheni. Watu walikuja kupiga picha za mchezo Shelly Beach, wakamchukua awe baba wa mwenye hoteli, sehemu kumi na mbili. Ploti nzima tulikuwa tunakwenda kumtazama kwenye kibanda cha Musyoka kinyozi. Sehemu ya tatu, binti anagombana na mamake, na huko nyuma baba wa mwenye hoteli ameketi, midomo inacheza. Binti akisema, inacheza. Mama akijibu, inacheza. Musyoka akasimamisha mkasi. "Huyu mzee anaomba dua ama anatafuna?"

Kamera haisamehe kama bwalo. Sehemu ya nne wakamuua. Alilala kitandani amefunikwa shuka mpaka puani.

"Mzee, jana tumekuzika!" Musyoka alimwambia asubuhi yake.

"Mlilia?"

"Tulilia wapi, matangazo yaliingia."

Alicheka naye. Lakini juma lile chumbani kwake hakukusikika mtu yeyote, hata yeye.

Mwaka jana kitabu kikabadilishwa tena. Kipya kina babu ambaye mjukuu wake ameozwa akiwa mdogo, naye anakwenda kumtafuta. Kila aliyekisoma alisema babu huyo ni Mzee Tsofa mtupu. Boga alikuja mwenyewe kumwambia. Walikaa kwenye kibaraza, mbele ya mlango wetu.

"Kaka, babu ni wako," Boga alisema. "Lakini ule mdomo."

"Mdomo umefanya nini?"

"Wajua ulilofanya. Watoto wa siku hizi wana simu, wanakupiga picha, wanacheka. Mwalimu mmoja wa Voi kaniuliza kama una maradhi. Nitakupa mchezo wa kwanza, wa Likoni. Ukiufunga mdomo, twaendelea nawe mpaka kitabu kiishe. Ukicheza, nampa Faki."

"Faki ni mtoto! Ana miaka ishirini na mbili!"

"Nitamtia unga kichwani. Dorcas akurekodie maneno yako tu, usisikize ya wengine."

Mzee Tsofa aliweka kikombe chake chini. "Nikisikia yangu tu, Boga, nitajuaje nazungumza na nani?"

 Boga alikunywa chai yake, akaenda.

Dorcas, ambaye huigiza akina mama, alimrekodia kitabu kizima kama zamani. Mzee akajitungia dawa yake. Anajaza maji kinywani, anafungulia simu, anaketi mlangoni na mashavu yamevimba. Wenzake wakisema kwenye simu, maji yakae. Zamu yake ikifika, ameze, aseme. Mwezi mzima alifanya hivyo. Siku za mwanzo yalimtiririka kifuani. Baadaye hayakutiririka tena.

Lakini ploti haikujua. Swabra alipita na ndoo akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Mzee akamtazama, akainua mkono. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Swabra aliweka ndoo chini. "Namwamkia mtu mzima, ananitazama kama ukuta! Wallahi simwamkii tena, na watoto wangu nawakataza!" Mzee aliharakisha kumeza, yakampalia, akakohoa mpaka machozi. Alipopata kusema "Marahaba, mwanangu," Swabra alikuwa kashaingia ndani kafunga mlango. Na kwetu mtu akisema hivyo, wengine humfuata. Ikawa mzee anapita kibarazani na watu wanaendelea kuchambua mchicha. Mimi nilijua sababu ni maji. Sikusema, na mpaka leo sijui kwa nini sikusema.

Yaliyotokea Likoni tuliyapata kwa Dorcas, alipokuja kumtafuta mzee mara ya tatu. Alikaa kwenye kigoda cha mama akasimulia, na mlango wa mzee pale kando ulikuwa bado na kufuli lake tangu siku ile.

Ilikuwa shule ya wasichana, bwalo limejaa. Boga aliketi mstari wa mbele, hatazami mchezo, anatazama mdomo. Onyesho la kwanza mzee aliufunga. "Aliufunga kama mtoto aliyekataa dawa," Dorcas alisema. "Nikamwombea Mungu kimoyomoyo." La pili akaufunga. Ikafika pale Faki, anayeigiza mjukuu wa kiume, anapomwambia, "Babu, dada ameozwa. Wewe wasemaje?"

Zamu ya mzee. Akamtazama Faki. Mdomo haukufunguka.

Dorcas akajitia kuchomekea, "Baba, mjukuu wako anakuuliza."  Wasichana wa nyuma wakaanza kucheka chini kwa chini. Jasho lilimtoka mzee, taya zimekazana, na Dorcas aliona kwamba maneno yamo, yamejaa, ila hajui ni ya nani. Akaangalia kwa Boga kutafuta msaada. Boga, pale mstari wa mbele, alikuwa anamtamkia mzee maneno yake bila sauti, midomo yote inacheza.

Mzee alimwona. Akamtazama Boga vile kwa muda, midomo ile inavyokwenda, kama mtu anayeonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza.

Ndipo Faki akamwokoa, au akadhani anamwokoa. "Babu hana haja ya kusema," alisema kwa wasichana. "Babu atakwenda kumtafuta!" Bwalo likalipuka makofi. Walidhani kitabu kimeandikwa hivyo.

Na kweli kitabuni hapo babu hutoka. Huchukua fimbo, hushuka jukwaani, hupita katikati ya wasichana mpaka mlango wa nyuma, na onyesho la mwisho hurudi amemshika mjukuu mkono. Mzee Tsofa akachukua fimbo. Akashuka polepole na kikoi chake, wasichana wakivuta miguu apite, mmoja akinong'ona kwamba huyu anajua kuigiza.

Nje ya mlango alikuwapo Caroline, yule mjukuu anayetafutwa, na kanga yake ya harusi, akingoja zamu yao.

"Babu, simama hapa," alimnong'oneza. "Tunaingia pamoja."

"Ngoja wewe, mwanangu," alisema, na Caroline anasema sauti ilikuwa ya kawaida, haikuwa ya babu yeyote. "Wewe una la kusema."

Akakata uwanja wa netiboli jua likiwaka. Langoni alimwambia askari amfungulie, na askari akamfungulia.