Kengele na Kiti cha Mwalimu

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni mnadi wa samaki. Alikuwa mnadi wa samaki, niseme hivyo, ingawa ulimi wangu haujazoea. Miaka thelathini na minane alisimama juu ya jiwe katika banda la mnada, kila asubuhi, akiuza kila kilichotoka baharini. Kijiji kizima kinamwita Kengele. Mwoka mikate alitoa mikate yake Kengele akianza, na watoto walitoka kwenda shule Kengele akimaliza, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Halafu wakaleta ubao wa taa. Siku hizi wanunuzi wanakaa kwenye viti vya plastiki katika jengo jipya, wanabonyeza kitufe, namba zinawaka, samaki amekwenda. Mume wangu alipewa barua ya shukrani yenye muhuri, akarudi nyumbani saa mbili asubuhi, akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

Mwanamke yeyote ambaye mumewe ameachishwa kazi ataelewa ninachosema. Wiki ya kwanza alizipanga nyuzi zangu kwa rangi, na mimi nazipanga kwa unene. Wiki ya pili akaanza kunifundisha kukaanga vitunguu. Nikamwambia, "Baba watoto, vitunguu nimekaanga tangu hujaota mvi hata moja. Niachie." Akaniachia. Na hapo ndipo ubaya ulipoanza, maana aliniachia kila kitu. Alikaa dirishani ameshika tama, na kila aliyepita alimfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mpaka nikatamani kumrushia mtu koleo lenyewe. Sauti yake ikawa inapungua. Siku moja nilimuuliza kama nimwongezee chai, akajibu, nisimsikie. Tulikuwa tumekaa meza moja. Niliumia, sitaficha. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Miaka miwili ilikwenda hivyo.

Sasa, kijiji chetu ni cha zamani. Nyumba ni za mawe, zimebanana ufukweni bega kwa bega, na vichochoro ni vyembamba hivi kwamba wabeba matenga wawili wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Anayerudi ni yule ambaye tenga lake ni tupu, hiyo ni sheria ya tangu na tangu na haina mjadala. Juu ya kila mlango kuna ndoano ya chuma ya kutundikia nyavu. Wageni wanakuja kwa basi kila Jumamosi na Jumapili kuyaona mambo hayo. Wanapiga picha ndoano, wanapiga picha paka, na mara moja walipiga picha nguo zangu za ndani kwenye kamba. Kamati ya kijiji ikaona heri atafutwe mtu wa kuwatembeza, awe na beji na mshahara wake.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu. Amestaafu zamani, lakini aliwafundisha binti zangu wote wawili na nusu ya kijiji, na mpaka leo wanaume wenye ndevu wakimwona wanaficha sigara. Magoti yamemchoka, kwa hiyo kila aendako anakwenda na kiti chake cha kukunja, cha mbao, chenye kitambaa cha buluu. Alizawadiwa na darasa lake la mwisho. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia.

Walioomba kazi walikuwa wawili: mume wangu, na binti wa mwenye duka la dawa, aliyesomea utalii na cheti anacho. Mimi sikumshauri mume wangu aombe. Nilimkuta ameshaijaza fomu, kwa penseli yangu ya kuchorea vitambaa, ameandika, amefuta, ameandika tena mpaka karatasi imetoboka. Ndipo nilipojua jinsi alivyoitaka kazi ile.

Kila mmoja alipewa Jumamosi moja ya majaribio, na Mwalimu akifuata nyuma na daftari lake. Binti alitangulia. Alieleza vizuri, miaka yote kichwani, wageni wakamsifu mpaka garini. Mume wangu akabaki na wiki moja na kurasa nne za historia alizopewa na Mwalimu. Maskini, miaka haikai kichwani mwake. Ukimuuliza tenga la kwanza aliloliuza asubuhi ya harusi yetu lilikuwa la samaki gani, atakwambia mpaka walikuwa wangapi. Ukimuuliza ukuta wa bandari ulijengwa lini, anatazama dari. Nilimsikiliza kila jioni huku nikimshonea shati jipya, na kila jioni ukuta ulijengwa mwaka mwingine.

"Mama watoto, nikishindwa?" aliniuliza Ijumaa.

"Ukishindwa utanipangia nyuzi," nikamjibu. Hakucheka. Mimi pia sikuwa na hamu ya kucheka.

Jumamosi aliniomba nisiende. Nikasema sawa, nikachukua kikapu kama mtu anayekwenda kununua nyanya, nikawafuata. Wageni walikuwa ishirini na wawili. Alianzia ukutani, karatasi mkononi, akasoma kwa sauti ile ile aliyonijibia chai. Upepo ukaichukua yote. Mgeni mmoja akamuuliza mwenzake, "Anasema nini?" Mwenzake akasema, "Nadhani anasali." Nilitaka kumpiga na kikapu.

Kwenye kibaraza cha washona nyavu hali ikawa mbaya zaidi. Wale wanawake sita wanakaa pale kila siku na sindano zao za mti, na midomo yao ina makali kuliko sindano. Siku hiyo walimhurumia, wakanyamaza, na hilo lilinitisha. Akajaribu bila karatasi, akataja mwaka kibaraza kilipojengwa. Mwalimu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akamsahihisha. Akataja mwaka wa moto mkubwa. Akasahihishwa tena. Shati langu jipya lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Wageni wawili walishageukia paka.

Kituo cha mwisho kilikuwa banda la zamani la mnada. Ni tupu sasa, lina paa, nguzo nane na lile jiwe katikati, limelika pale alipokuwa akisimama. Washona nyavu walikuja nyuma yetu, na wazee wawili watatu wa baharini waliokuwa wakicheza karata pembeni wakasimamisha mchezo. Mwalimu akakunjua kiti chake, akakaa, akageuza ukurasa. Mume wangu alisimama kando ya jiwe, si juu yake, akaanza kusoma: "Banda hili... mnamo mwaka..."

Sijui ni hasira au ni huruma. Nilipaza sauti kutoka nyuma ya watu wote: "Nyuma hatusikii."

Lazima mjue maneno hayo ni nini kwetu. Enzi za mnada, mnunuzi wa nyuma akisema "nyuma hatusikii", mnadi alikuwa hana budi kuanza bei upya, kwa sauti ya kufika mpaka kwake. Ilikuwa haki yake. Mume wangu alikuwa ameyasikia maneno hayo miaka thelathini na minane, na hayakumpitia kichwani hata kidogo, yalikwenda moja kwa moja miguuni. Nikamwona yuko juu ya jiwe.

"Nyuma mtasikia," akasema, na njiwa waliokuwa kwenye paa wakaruka wote.

Karatasi ikaingia mfukoni. Akawaambia jinsi mnada ulivyokuwa: kwamba kidole kimoja kilitosha kununua, kwamba nahodha aliyekohoa vibaya alirudi nyumbani na pweza asiyemtaka, kwamba mmoja alisahau viatu vyake ndani ya tenga, vikauzwa pamoja na samaki, akaenda zake peku. "Maana hapa," akasema, "mnadi akishapiga kofi juu ya jiwe, mali imekwenda. Hata kama ni ya mfalme. Mwenye mali hawezi kuirudisha, mnadi hawezi, hakimu hawezi. Ni mnunuzi peke yake anayeweza kusema irudi jiweni inadiwe upya." Wageni walikuwa wamesogea, na paka amesahauliwa.

"Tuonyeshe basi," akasema mmoja.

Mnadi hanadi hewa. Akatazama huku na huku. Mwalimu alikuwa amesimama kidogo kumnong'oneza mgeni mwaka sahihi wa banda, na kiti chake kiko wazi. Mume wangu akakinyanyua juu. "Tuseme hili ni tenga la samaki wa leo. Haya, mali hiyo, mali inapumua bado. Mwenye macho haambiwi tazama. Kumi ninayo, nani ishirini? Ishirini kwa bwana wa miwani. Thelathini? Mama, usinitazame hivyo, nitakuuzia. Thelathini ninayo. Arobaini kule nguzoni..." Vidole vilikuwa vinainuka kila upande, watu wazima wanacheka na kusukumana, washona nyavu wanachochea, na mimi nimesimama na kikapu changu kitupu, nacheka peke yangu. Sauti yote ilikuwa imerudi.

Upepo ukaja. Bibi mmoja mgeni, amevaa kofia pana, akainua mkono kuizuia isiruke. Mume wangu aliuona mkono. Na mazoea yana taabu, jamani. Aliinama, akapiga kofi juu ya jiwe, paa.

Vidole vyote vikashuka. Kofi lile halipigwi kwa mchezo, hata watoto wanafukuzwa wakijaribu. Alikuwa amekusudia kuishia kabla ya kofi, namjua, lakini mkono ulimzidi. Mzee mmoja wa karata akasema polepole, "Limepigwa."

"Limepigwa," wakaitikia washona nyavu.

Mume wangu alikuwa ameshika kiti cha Mwalimu kifuani, uso umemwisha damu. Angeweza kusema ulikuwa utani. Mtu mwingine yeyote angesema. Lakini angekanusha kofi juu ya jiwe lile, mbele ya watu wale, angekuwa amefuta miaka yake yote. Akashuka, akapita mbele ya Mwalimu bila kumtazama, akakiweka kiti miguuni mwa yule bibi. "Ni chako, mama," akasema. Nikaona kazi inakwenda hivi hivi, naiona kwa macho.

Bibi alikuwa amechanganyikiwa. "Mimi nilikuwa nashika kofia tu."

Mwalimu alisimama kwa magoti yake mabaya, ameegemea nguzo. Tulingoja radi. "Kofi limepigwa, mama," akamwambia yule bibi. "Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa hapa sheria hiyo. Kiti ni chako. Ila ukipenda, unaweza kukirudisha jiweni."

Bibi akamtazama Mwalimu, akamtazama mume wangu, akaelewa. Alikuwa na akili yule mama. "Kirudi jiweni," akasema. "Na safari hii natoa bei kwelikweli, msinionee."

Sijawahi kuona mnada kama ule, na nimeona mingi. Mume wangu alipanda tena, na Mwalimu, ambaye hajawahi kugombania kitu hadharani maishani mwake, akainua kidole kununua kiti chake mwenyewe. Bwana wa miwani akampandia. Mwalimu akampandia yeye. Binti wa duka la dawa, aliyekuja kutazama, akainua kidole kwa uchokozi, na Mwalimu akamwambia, "Wewe nilikupa alama za bure, shusha mkono." Washona nyavu walikuwa wanafuta machozi kwa nyavu. Mwisho Mwalimu alipandisha kidole kimoja juu kabisa, akakisimamisha hapo, na mume wangu akamtazama muda mrefu kabla ya kupiga kofi. Alichotoa Mwalimu kiliwanunulia chai watu wote waliokuwa bandani.

Alikaa kwenye kiti chake, akavuta pumzi, akafungua daftari. "Wewe," akamwambia mume wangu. "Umetaja miaka miwili, na yote miwili umekosea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitakusomesha mwenyewe. Jumatatu saa nne uje nyumbani, na kalamu. Si penseli." Akaandika kitu. "Huyu binti atawachukua wageni wa Jumapili. Ataanza na kutufundisha wewe na mimi kutumia hiyo simu ya kupokea maombi ya wageni."

Mume wangu akaitikia, akashukuru, akaja niliposimama. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama watoto," akaninong'oneza, "Mwalimu amekasirika. Anataka kunirudisha shule."

"Baba watoto," nikamwambia, "umepata kazi."

Akanitazama. Ilibidi nirudie mara mbili.

Jioni hakuweza kula. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kelele za mchana, imebaki mkwaruzo tu. Wapita njia walisimama dirishani kumpongeza, naye akawa anapunga mkono. Walipokwisha akavuta kiti karibu na cherehani yangu.

"Nilidhani nimekwisha," akasema.

Nikaacha kushona. Nilimwambia kwamba hata mimi nilidhani hivyo, na kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nikiamka usingizini kusikiliza kama anapumua. Alikuwa hajui. Akanishika mkono, mkono wenye sindano, akaushikilia hivyo hivyo, na tukakaa.