Mama mkwe amemaliza vikao vyangu vya ushauri

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiweke. Huku Kitale watu wanajuana.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, niko na watoto wawili, na nauza mbegu na dawa za mifugo kwa duka la mtu. Bwanangu alikuwa fundi wa stima. Alifariki msimu wa kupanda huko Webuye, bodaboda aliyokuwa amepanda ikagongwa na lori. Najua mmezoea kusoma hapa visa vya mama mkwe wabaya. Wangu si mbaya, na hiyo ndiyo shida yangu.

Baada ya mazishi nilianza kuharibika. Mteja anaitisha mbegu ya sukuma wiki, mimi namfungia dawa ya kupe. Usingizi hakuna, chakula hakipiti. Mwenye duka akaona nitaua ng'ombe wa watu, akanitafutia kaunsela Bungoma, kwa hospitali moja inayosaidia waliofiwa. Ni vikao sita peke yake, kila Alhamisi, ukimaliza unapisha mwingine. Nilifurahi kwamba ni Bungoma, mahali hakuna mtu ananijua. Nilijiambia huko nitatema kila kitu.

Mama mkwe akakataa niende peke yangu. Baada ya matanga alikuwa ametoka kwake Ndalu akaja kukaa na sisi, ati nisilemewe. Kwetu mtu aliyefiwa haachwi atembee peke yake, na ukikataa kusindikizwa ni kama umemfukuza mtu. Basi nikadhani atangoja nje kwa benchi. Wapi! Aliingia na mimi mpaka ndani, akaweka kikapu chini, akamtolea kaunsela ndizi na chupa ya chai, akaketi kile kiti cha karibu. Huyo kaunsela ni kijana, rika la kitinda mimba wake. Atamwambiaje mama wa watu atoke, na ameshakunywa chai yake? Akaniuliza nimekuwa nikilalaje. Mama akajibu. Akaniuliza ni nini kinanisumbua zaidi. Mama akajibu hilo pia.

Vikao vitano, jameni. Vitano! Mama ameongea juu ya mtoto wake tangu siku alimzaa, vile alitahiriwa bila kupepesa jicho, vile alimletea blanketi na mshahara wake wa kwanza. Yeye analia, kijana anampatia tishu, mimi nashikilia kikapu. Na niseme ukweli, amepona. Anakula. Anaimba akiosha vyombo. Juzi alicheka mpaka nikakasirika. Amepona kwa vikao vyangu, na mimi bado niko pale pale.

Sasa sikieni kile sijawahi kuambia mtu. Asubuhi ile tuligombana na bwanangu. Alitaka mama atoke Ndalu aje akae na sisi kwa sababu ya magoti yake. Nilikataa. Nilisema nyumba ni ya vyumba viwili, siwezi kulea watoto na wazee pamoja. Alitoka bila kunywa chai. Saa tano alinipigia. Niliona jina lake, nikageuza simu nikailaza kifudifudi kwa kaunta. Akapiga tena. Nikasema wacha asikie uchungu kidogo. Mara ya tatu jina lilikuwa lake, lakini aliyeongea alikuwa polisi.

Sijui alitaka kuniambia nini. Na mama niliyemkataa ndiye ananipikia uji saa hii, kwa hiyo hiyo nyumba ya vyumba viwili.

Alhamisi iliyopita mama alimwambia kaunsela kuna kitu kimoja tu kimebaki. "Ningejua neno la mwisho mtoto wangu alisema, ningepumzika." Kijana akaniangalia mimi. Nikasema siku hiyo hatukuongea kwa simu, nilikuwa na wateja. Mama akanishika mkono akaniambia nisijilaumu. Nilitaka kupiga mayowe. Tukitoka, mama akiwa ametangulia polepole, kijana akaniita kando.

"Mama, wiki ijayo ni ya mwisho. Ukiweza, kuja peke yako."

Saa hii ndio unaona, bana? Vikao vitano umekunywa chai.

Jana nilijaribu. Tulikuwa tunachambua maharagwe, nikamwambia mama apumzishe magoti, hii moja nitajisindikiza. Akatupa mawe mawili nje. Halafu akaniuliza, "Kwani huyo kijana amechoka na mimi?" Nikaendelea kuchambua. Leo asubuhi nimepata ameanika kitenge chake cha safari, na ndizi ameshaomba kwa jirani.

Nimekasirikia kila mtu. Nimekasirikia huyo kijana na heshima yake, nimemkasirikia mama, nimekasirikia bwanangu kwa kupanda ile bodaboda, na zaidi ya wote najikasirikia mimi. Nikienda na mama, narudi na mzigo wangu, na hakuna kikao kingine. Nikimwacha nyumbani, nitakuwa nimemkataa mara ya pili. Nikisema yote mbele yake, atajua mtoto wake aliondoka na hasira kwa sababu yake yeye mama.

Na kile anatafuta, mimi ndiye niko nacho. Bwanangu alisimama kwa mlango, mkoba wa kazi begani, akaniuliza, "Basi mama yangu akae wapi?" Hilo ndilo neno la mwisho nilisikia kwake, na sikumjibu.

Alhamisi ni kesho kutwa. Chupa ya chai imeshaoshwa, iko mezani. Msinitukane, nimejitukana ya kutosha. Niambieni tu, nyinyi mngeenda na yeye?