Ukuta wa Mzee Duan

Pigo la kwanza la mkongojo lilimpata Athanase begani, akiwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, la pili likampasua paji la uso. Damu ikamwingia jichoni, naye hakuinua mkono. Kwao Goma mtu hampigi mzee, wala hamshitaki. Ndiyo maana mapigo matatu ya siku za nyuma aliyameza kimya.

Kazi ya Athanase ni kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao huko Ladywood, mtaa wa jiji la Birmingham, Uingereza. Huyu Duan, Mchina wa miaka themanini na minane, alikuwa amepika mahotelini Birmingham miaka arobaini, na mkono wake ulikuwa bado mzito. Alipiga kila mara jirani yake Baldev alipotoboa ukuta kwa mashine.

"Papa Duan, ukuta una nini?" Athanase aliuliza kwa Kiingereza chao cha kuokoteza.

Mzee akatupa mkongojo, akachovya kidole kwenye mchuzi uliomwagika, akachora mezani. Tengchong, mji mdogo wa kwao China, karibu na mpaka wa Burma. Volkano zilizolala huku, maporomoko ya maji pale, boma la mawe kuzunguka, na misafara ya nyumbu iliyoleta vito vya kijani. Athanase akaitikia kwa kichwa. Volkano anaijua, ya kwao ilimlia nyumba.

"Wajapani waliuchukua mwaka arobaini na mbili. Miaka miwili baadaye jeshi letu likarudi kuukomboa. Njiani risasi ni mvua, basi askari wakapita ndani ya nyumba. Wanatoboa ukuta, wanatupa bomu, wanaingia, wanatoboa mwingine. Mama alikuwa ameegemea ukuta." Akaufuta mji wote kwa kiganja.

Kesho yake msimamizi wa Athanase, Raksha, akaja na fomu, akaketi kwenye kiti cha ukutani.

"Hiyo bendeji pajini, Athanase! Amekupiga? Kama ni yeye, leo hii anahamishiwa nyumba ya wazee."

"Amenipiga. Lakini andika na ukuta."

"Fomu haina nafasi ya ukuta, kaka."

"Andika nyuma."

Hapo mashine ikanguruma. Duan akachomoka jikoni na kisu cha mifupa. Akamkwida Raksha shali, akambwaga chini katikati ya chumba, akaurukia ukuta na kuuchoma, kuuchoma, plasta ikimwagika. Athanase akadaka kile kisu, kikamchana kiganja, hakukiachia.

"Baldev! Zima, ndugu yangu, zima!"

Mashine ikazimika. Ndipo Athanase alipong'amua: mapigo yote yalimkuta kwenye kiti kilekile cha ukutani.

Raksha akainuka, shali vipande viwili. "Alikuwa ananitoa ukutani," alisema. Akageuza fomu, akaandika nyuma kwa muda mrefu: jirani abishe hodi kabla ya kutoboa, mzee atolewe nje kwanza.

"Anabaki. Ila kisu naondoka nacho."

"Nitakatia nini kuku?" Duan akafoka.

"Nitakukatia mimi, Papa," Athanase akajibu, huku akifunga kiganja kwa kitambaa cha vyombo.