Ausi, Mchinjaji wa Sikukuu za Wenzake

Kwa miaka mingi hapakuwa na kuku aliyekufa kwa heshima katika kile kijiji cha juu ya Mbinga bila kuonana kwanza na Ausi. Krismasi, Pasaka, Kipaimara, harusi za vijana, ndoa za kubariki za wazee waliokwisha kupata wajukuu, hata siku ile askofu alipopita akatabasamu na kuondoka: kisu kilikuwa cha Ausi. Kijiji kizima kilikuwa cha Wakatoliki wa kutupwa. Waislamu walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Rukaiya, na mgeni angedhani hao wawili ndio wangejitafutia kitoweo chao pembeni. La. Watu wote walikubali kuchinjiwa na mtu mmoja ili na yeye apate kula. Padri anabariki roho, walisema, Ausi anabariki shingo.

Mwenye kuanzisha jambo hilo alikuwa Nicholaus, mkulima wa kahawa, mkubwa wa ukoo uliokuwa na nusu ya kilima. Kule Umatengoni kuna kitu kinaitwa sengu. Jioni kila mama anapika nyumbani kwake, kisha vyungu vyote vinapelekwa uani kwa mkubwa wa ukoo, na wanaume wanakula pamoja. Wakishashiba ndipo maneno yanapoanza: nani kachimba ngolo, yale mashimo ya kulimia milimani, mpaka shambani kwa mwenzake, nani kampiga mkewe, nani anataka kuoa na hana hata jembe. Asiyekula pale hana pa kusemea. Ndiyo sheria yenyewe, ingawa haikuandikwa popote.

Ausi alipopanda mlima mara ya kwanza, kijana mwenye furushi la usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, Nicholaus alimkaribisha kwenye sengu. Siku hiyo palikuwa na kuku. Ausi akala ugali kwa maharage, kuku akamwangalia tu.

"Wewe kijana, kuku wetu ana nini?" Nicholaus aliuliza.

"Hana kitu, mzee. Ila sijui amekufaje."

"Amekufa kwa kukatwa shingo. Ulitaka afe kwa malaria?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Ausi akaeleza. Nicholaus akasikiliza, akafuta mikono, akasema, "Basi kesho unachinja wewe. Mtu hawezi kukaa kwenye sengu anatazama vyungu kama fundi saa." Ikawa hivyo kesho, na kesho yake, na Ausi hakushuka tena ziwani isipokuwa kwenda kumsalimu mama yake kule Ngumbo na kununua usipa. Akafungua duka. Akapanda mibuni kidogo nyuma ya duka, ya kujifariji. Akajifunza Kimatengo mpaka akawa anatukana kwa Kimatengo, na hapo ndipo lugha inapojulikana imeingia. Siku za nguruwe aligeuza mgongo na kusema, "Huyo mwenye pua bapa sina undugu naye," nao wakamwekea maharage yake kwa adabu zote, wakijua kesho atarudi kwenye chungu.

Utani ulikuwa wa kila siku.

"Nyie Waswahili," Nicholaus angesema, "mtauza hata kivuli cha mtu amesimama ndani yake."

"Na nyie Wamatengo mkimkaribisha mtu chakula, ajue kuna shimo linamsubiri achimbe."

Kisha kila mmoja angemaliza kwa kumtoa mwenzake. Nicholaus angewaambia watu: Ausi si Mswahili Mswahili, huyu ni tofauti. Na Ausi, aliyezoea kumwita Nicholaus Niko, angewaambia ndugu zake wa ziwani: Wamatengo wachoyo, lakini Niko siyo. Nchi nzima ndivyo ilivyokuwa ikiishi, na imeendelea vizuri tu: kila mtu ana kabila moja baya na rafiki mmoja mzuri kutoka humo humo. Ausi alipoambiwa yeye ni tofauti alijisikia kama amepewa kanzu mpya. Hakuuliza imeshonwa kwa kitambaa cha nani.

Ndipo likaja soko huria. Zamani dawa ya kahawa ilitoka ushirika, na ikichelewa ulijua wa kumlaani. Sasa kila mwenye gari dogo na miwani ya jua alikuwa mfanyabiashara. Walipanda mlimani na mitumba, redio, baiskeli zinazokatika katikati, na dawa. Mmoja wao alikuwa Azizi, kijana wa pwani, mcheshi, mwenye meno ya kuvutia wateja. Aliuza mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia mibuni isipate ugonjwa wa kuozesha buni. Bei yake ilikuwa chini, mifuko yake ilikuwa na picha ya tawi lililojaa matunda mekundu. Watu walinunua kwa kusukumana. Ausi naye alinunua. Na kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na kwa sababu hapakuwa na mwanamume Mwislamu mwingine wa kuswali naye, alimkaribisha Azizi akatawadhe, wakaswali, wakala. Jozi mbili za viatu vya wanaume zikaonekana mlangoni kwa Ausi, na kila aliyepita aliziona.

Mvua ilipokuja, ile buluu ilichuruzika kutoka kwenye majani ikaingia kwenye matope. Iliyobaki juu ilikuwa nyeupe. Chokaa. Chokaa na buluu ya kufulia mashuka. Buni zikaanza madoa, zikawa nyeusi, zikaanguka kabla ya kuiva. Ukisimama shambani asubuhi ulizisikia zikidondoka kwenye majani makavu. Mibuni ya Ausi nyuma ya duka nayo iliungua vilevile, lakini hakuna aliyeizunguka nyumba kwenda kuitazama.

Sasa, chokaa kwenye mrututu haikuwa jambo geni kijijini pale. Miaka ya nyuma, karani wa chama cha msingi, Placidi, mtoto wa hapo hapo, aliuza dawa ya wakulima kwa njia anazozijua mwenyewe na kujaza mifuko kwa chokaa. Buni zilianguka vilevile. Watu walimtukana Placidi, mtu mmoja akamrushia kiatu, mama yake akalia kanisani mpaka misa ikasimama. Walisema Placidi ana tamaa tangu utoto, yeye ndiye aliyenyonya mpaka maziwa ya mdogo wake. Wakamsamehe wakati wa Kwaresima. Hakuna hata mlevi mmoja aliyesema kwamba Wamatengo ni wezi.

Jioni moja kwenye sengu, Pankras, mdogo wake Nicholaus, alisukuma sahani yake mbele kabla hajashiba.

"Waswahili ndivyo walivyo," alisema. "Wanazaliwa na mkono mfukoni mwa mtu. Ausi, usichukie, hatukusemi wewe."

"Sijachukia," Ausi alisema, akiviringa tonge lile lile.

Nicholaus alikuwa anakohoa siku hizo. Alisubiri kikohozi kimwachie. "Pankras. Placidi alipotutilia chokaa, nani alisema Wamatengo ndivyo walivyo?"

"Placidi ni Placidi, kaka."

"Na Azizi ni nani?"

"Azizi ni Mswahili."

Wengine walicheka, kicheko cha watu wanaotaka mazungumzo yaishe. Placidi mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale anatafuna mfupa, aliafiki kwa kichwa. Mtu mwenye uzoefu wa jambo huwa anasikilizwa.

"Haya," Nicholaus alisema. "Semeni yenu. Lakini Ausi mwacheni. Huyu si kama wao. Mimi ndiye ninayemjua, ameshatoka katika mambo yao, amekuwa mtu."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Maneno hayo Ausi alikuwa ameyasikia mara nyingi kuliko adhana. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, akamwona baba yake amesimama nyuma ya maneno hayo. Mzee Ilyasi, mtu wa Kilwa, aliyeshona nguo barazani Mbamba Bay mpaka macho yakamwisha, na aliyemrudishia kila mteja hata vipande vya kitambaa vilivyobaki, vimefungwa kwa uzi. Kumbe huyo naye alikuwa bado hajawa mtu.

"Niko," alisema, "hao wao ni akina nani?"

"Ah, Ausi. Nakutetea."

"Baba yangu ni wao. Mimi nimetoka kwao, sijatoka katika mambo yao. Kama ndivyo walivyo, basi na mimi ndivyo nilivyo."

Akainuka. Ugali wake ulikuwa nusu, na nyama aliyoichinja mwenyewe mchana ilikuwa bado kwenye sahani. Kuacha chakula kwenye sengu na kuondoka ni zaidi ya tusi. Ni kama kuwaambia wenzako kwamba chungu chao kinanuka. Alilijua hilo. Akaondoka.

Nyumbani alimkuta Rukaiya anachagua mchele.

"Hawa Wamatengo ndivyo walivyo," Ausi alisema kabla hata hajakaa. "Ukiishi nao miaka yote, bado wanakuhesabu mgeni. Wana roho ngumu kama milima yao."

"Wote?"

"Wote."

"Na Niko?"

"Niko si..." alianza. Rukaiya aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Angerudi kesho yake. Alikuwa na maneno tayari, yenye utani wa kutosha ndani yake ili yasionekane kama anaomba radhi: Niko, tulikuwa wapumbavu wawili, mimi nimekuwa nikiwasema ninyi huko ziwani kwa ulimi huo huo. Lakini kesho yake alisubiri aitwe. Kesho kutwa pia. Mwenye nyumba ndiye amwite aliyeondoka, au aliyeondoka ndiye arudi? Hata wazee wa sengu wangebishana. Wakati yeye anabishana na nafsi yake, Nicholaus alizidiwa na kifua, wakamshusha Mbinga mjini hospitalini. Ausi aliulizia kwa wateja dukani. Walimjibu, "Anaendelea," huku wakitazama rafu ya sabuni. Alijiambia kama hali ni mbaya watatuma mtu. Hawakutuma. Kilichofika ni sauti za akina mama kutoka kilimani, na hapo mtu hahitaji kuambiwa.

Usiku wa msiba Ausi na Rukaiya walilala chini pamoja na waombolezaji wengine. Nicholaus alikuwa mkubwa wa ukoo, asingezikwa kwa maharage. Kwenye ua palikuwa na ng'ombe amefungwa. Alfajiri Ausi alishuka nyumbani, akaoga, akanoa kisu. Alikinoa kuliko ilivyohitajika. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa Niko. Maneno yalikuwa yamechelewa, lakini mkono ulikuwa bado unaweza kusema jambo. Watu mia watakula kwa mkono wake, na atakaa uani katikati yao, na Niko atazikwa na rafiki yake amerudi kwenye chungu.

Alipanda kilima na kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Njiani alikutana na watoto wanashuka na kwato, wanapigana nazo.

Mansuetus, mtoto mkubwa wa marehemu, alimwona kutoka mbali akaja mbio kumzuia kabla hajafika nyuma ya jiko, kwenye majani ya migomba yaliyoloa damu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ng'ombe yuko wapi?"

"Baba mdogo, tumeona tusikusumbue."

"Nani alisema nasumbuka?"

Mansuetus alikuwa amevaa koti la baba yake, mikono mirefu. "Wazee wamesema watu wana uchungu wa kahawa. Wengine wamesema wangeona kisu mkononi mwako wasingekula." Akapandisha mikono ya koti. "Mimi nilikataa. Nilikataa kidogo."

"Amechinja nani?"

"Wamechinja tu."

Ausi alikiingiza kisu ndani ya shati, upande wa mgongoni. "Pole na msiba, mwanangu," alisema, na akaenda kukaa.

Walimzika Nicholaus mchana, kwa nyimbo za Kilatini ambazo hakuna aliyezielewa na ambazo zilimliza kila mtu. Baadaye vyungu vilitoka. Wanaume wakajipanga uani kama kawaida, na Placidi, mchapakazi wa misiba, alizunguka na sufuria akigawa minofu. Alipofika kwa Ausi alimruka kwa heshima kubwa, kama mtu anavyoruka mkeka wa mwenye kuswali. Kila mmoja alikuwa na adabu siku ile. Walimletea kiti cha kuegemea, peke yake, chini ya upenu, ili asibanwe.

Vitalia, mjane, ndiye aliyemletea chakula. Mjane hagawi chakula siku ya maziko, lakini alikuja nacho mwenyewe: ugali, maharage, mayai mawili ya kuchemsha.

"Nimechemsha kwenye sufuria mpya," alisema. "Haijawahi kupikiwa nyama."

"Asante, shemeji."

Hakuondoka. Alikunja khanga yake, akaikunjua. "Alikuulizia kule hospitali. Kila mlango ukifunguka anauliza, Ausi huyo?"

Ausi alitazama mayai.

"Nilimwambia umesafiri. Umeshuka ziwani kwa mama yako mgonjwa, ukirudi utakuja."

"Sikusafiri, shemeji. Nilikuwa dukani."

"Najua." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza machozi mahali pengine. "Nilipita dukani kwako nikienda kupanda gari, nikakuona. Ningeweza kukuita. Nilikuwa na hasira ya kahawa, shemeji. Niliangalia ule mlango wako, nikaona kama vile viatu vya Azizi bado vipo pale. Nikapita."

Uani watu walikuwa wameanza kusimulia vichekesho vya marehemu, na kimoja kilikuwa kile cha kuku na malaria. Walikisimulia vizuri. Walicheka mpaka mwisho, na hakuna aliyegeuka kuangalia upenuni.

"Alisema nini?" Ausi aliuliza. "Ulipomwambia nimesafiri."

"Alisema basi wasianze kula mpaka urudi."

Vitalia alibaki amesimama, anasubiri, kwa sababu chakula alikipika yeye, na kilikuwa cha kwanza kupika tangu arudi. Ausi alimenya yai. Mjane akikuwekea chakula mbele yako, unakula. Alikula, la kwanza na la pili, bila chumvi.