Gari ya Kijiko

Ananie, jirani yetu huku Butembo, alikuwa na Toyota nyeupe ya zamani, na gari ile ilikuwa inawaka na kijiko ya chai. Usicheke. Siku moja funguo ilivunjikia mu neiman, pale banaingizaka funguo juu ya kuwasha moteri. Fundi akatosha kile kipande, tundu ikabaki wazi kama kinywa ya muzee bila meno. Ananie akatia kijiko, akazungusha, moteri ikawaka. Tangu siku ile kijiko ikakaa mu mufuko ya shati yake, pamoja na rozari.

Parking yote ya taxi walijua.

"Papa Kijiko! Leo moteri imekula uji?"

"Imekula nauli yako ya jana, wee mudeni!"

Batu wanacheka. Lakini mbele ya kupata gari ile, Ananie alisukuma chukudu, ile baisikeli ya mbao, na mizigo ya kahawa miaka kumi na moja, mpaka magoti yakaharibika. Na gari ile njo ilikuwa inasomesha binti yake Jemima kazi ya uuguzi, kule Beni.

Mwaka jana alikuwa na uwezo wa kitu kimoja tu: kubadilisha neiman, ama kulipa assurance ya wizi, ile bima ya kulipwa gari ikiibiwa.

"Baba Jemima," muke yake akamuambia, "funga kwanza mulango."

"Assurance njo mulango yenyewe."

Ku karatasi ya assurance waliuliza kama gari iko na funguo mbili. Akaandika ndiyo, akasaini. Naye njo alikuwa anaongoza rozari mu shirika yetu ya Wakristo.

Siku ya Pentekoste alienda kumuona Jemima, wakaingia Misa pamoja huko Beni, mu Bungulu. Walipotoka, pahali pa gari palibakia matone ya mafuta tu chini. Kijiko ilikuwa ingali mu mufuko yake. Mwizi alikuja na yake.

Kijana wa assurance alimupokea na heshima: "Pole sana, Papa. Uniletee funguo zote mbili, dossier ya malipo iendelee."

Ananie hakulala. Asubuhi akaenda kwa fundi mumoja, akachongesha funguo mbili.

"Baba Jemima, ni uongo ile," muke yake akasema.

"Gari ikipotea bure, mutoto anarudi nyumbani. Nifanye nini?"

Ku assurance, yule kijana akazipeleka ku dirisha, akazigeuza-geuza mu mwangaza. Hakukasirika.

"Papa, hizi zinang'aa kama sahani ya harusi. Hazijaingia mu gari hata siku moja. Na mimi napandaka taxi pale parking, Papa. Najua kijiko."

Ananie akatosha kijiko, akaiweka juu ya meza. "Basi, funguo yangu njo hii."

Kijana akaiangalia, halafu akaisukuma polepole mpaka mbele ya Ananie. "Haiwezekani, Papa. Ulisaini."

Jemima alirudi. Mwaka moja tu ya masomo ilikuwa imebaki. Sasa anauza maharagi ku soko pamoja na mama yake. Ananie anakaa ku benchi ya mwisho kanisani na hasogei ku komunyo, hata kama Padri amemuita mara mbili. Kuongoza rozari alituachia sisi.

Juma iliyopita alipita kwangu, nikamutilia chai. Nilisahau, nikaweka kijiko mu kikombe. Aliitosha, akaificha chini ya kitambaa ya meza, akakunywa chai yake chungu, sukari yote imelala chini. Nilimuomba tusali rozari. Akasema mimi nianze.