Utepe Kwenye Mguu wa Cherehani

Kila siku mchana, kabla bakuli halijawekwa mezani, fundi cherehani huketi kwenye kigoda kando ya mashine yake, hunyoosha mkono wa kulia na kusema, "Haya, nifunge."

Binti yake mkubwa huchukua utepe wa kupimia nguo, huuzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mama, kisha kwenye mguu wa chuma wa cherehani, na kupiga fundo la kuvuta. Ncha huiacha katikati ya vidole vya mkono huohuo. Ukiivuta mara moja tu, fundo lote linafumuka.

Mlango wao unatazama barabarani, na jirani yao, fundi viatu, hakuacha kutania.

"Leo umekamatwa kwa kosa gani, fundi?"

"Wizi wa kijiko."

"Basi hakimu ndiye yule," akasema, akimwonyesha Bibie kwa kidevu. "Na macho yake hayana msamaha."

Bibie ni kitinda mimba, miaka tisa. Alizaliwa na viungo vilivyokaza na ulimi mzito, lakini huwatazama watu kama mwenye nyumba anayetazama wapangaji, ndiyo maana akapewa jina hilo. Kwa miaka minane kila alichokula kilipitia mkononi mwa mama yake. Mkono ule ulizoea kupita kiasi. Kijiko kikiyumba kidogo tu, umeshafika. Na Bibie naye hakuwa mjinga. Akiona mkono wa mama uko huru, alikiachia kijiko kianguke, akafungua kinywa kama kinda.

"Mbebwa hujikaza," fundi alisema siku moja. "Huyu wangu amejilegeza kama gunia." Siku hiyo ndipo alipojifungisha kwa mara ya kwanza, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba mkono hauji.

Angeweza kungoja, kama si mkono wake wa kushoto. Ulianza kwa ganzi mwaka uliopita, vidole vikafa kimoja kimoja, na sasa unalala mapajani kama glavu iliyosahauliwa. Daktari alisema wa kulia utafuata, ila hakuweza kusema lini. Fundi alimpa binti yake habari hiyo huku akikata uzi kwa meno.

"Basi mtoto ale mwenyewe kabla ya hapo," akamaliza, na hapakuwa na mpango mwingine.

Ni kweli hapakuwa na mwingine. Binti anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, asubuhi hadi jioni, na saa moja tu ya mchana ndiyo yake. Shangazi yao aliwahi kuja kusaidia wiki mbili. Alimlisha mtoto akiwa amelala chali, kijiko juu ya kijiko, ili awahi kufua. Chakula kikaingia kifuani, wakakaa hospitali siku kumi na moja. "Mkono wenye haraka unaua," fundi alisema njiani wakirudi, na tangu hapo hakuna mgeni aliyegusa kijiko kile.

Mtaalamu wa kliniki aliwafundisha kuanzia mwisho: mbebe mtoto mkono, kisha umwachie hatua ya mwisho peke yake. Fundi aliyafuata maneno hayo kifundi. Wiki ya kwanza alimwachia Bibie inchi moja kabla ya midomo. Baadaye inchi tatu, kisha kutoka kidevuni, kisha kutoka ukingoni mwa bakuli, na kila mara alipima kwa utepe uleule. Mpini wa kijiko aliuviringishia vitambaa mpaka ukanenepa na kuenea kiganjani. Chini ya bakuli aliweka kitambaa chenye maji lisiteleze, chini ya miguu ya mtoto akaweka sanduku. Nusu kijiko. Kidevu chini. Meza kwanza, ndipo uchote. Bibie alipoweza kuchota mwenyewe, utepe huo ukahamia kwenye kifundo cha mama. Ulipofika mwezi wa saba wa mazoezi, bakuli lilikuwa la Bibie, isipokuwa siku mbaya.

Mwezi huohuo shati la mteja mmoja lilirudishwa. Vifungo vilikuwa vimekwenda upande. Fundi alisema ni taa. Kisha mkasi ukamponyoka mara tatu asubuhi moja, akasema ni butu.

Fundi viatu, ambaye hunoa visu na mikasi pia, aliurudisha ukiwa umefungwa kwa gazeti. Hakumpa mwenyewe. Alimpa binti, barabarani, na safari hii hakutania.

"Dada, mkasi huu nimeunoa mara mbili mwezi huu," akasema. "Hauna kosa."

Binti aliupokea. Hakuwa mtu wa maswali. Mambo mazito huyaacha yakae mpaka yaseme yenyewe. Akauweka mkasi kwenye droo.

Kesho yake chakula kilikuwa viazi, ambavyo mama alikuwa ameviponda asubuhi. Binti alifunga fundo, akaweka ncha mahali pake, akaenda nyuma kusuuza sufuria. Alisikia kijiko kikigonga bakuli, kimya, kikagonga tena. Kisha kikohozi. Kisha kikohozi kisichofika mwisho.

Alikimbia na mikono inayochuruzika maji. Bibie uso ulikuwa umemwiva, kidevu kimeelekea dari. Mama alikuwa amenyanyuka nusu, bega limevutwa chini na utepe.

"Inama, Bibie. Mbele. Kohoa, mama, kohoa." Kisha kwa binti, bila kugeuza uso: "Usimpe maji. Mshike kifua, aje mbele."

Binti alimshika, akamwinamisha. Mwili mdogo ulikakamaa mikononi mwake, ukatikisika, na kikohozi kikatoka kizima. Kipande cha kiazi kikaanguka mezani, kigumu, ukubwa wa kidole gumba. Hakikuguswa na mwiko.

Bibie alivuta pumzi. Akautazama mkono wa mama, akautazama sana. Ulikuwa palepale, umefungwa. Binti akavisagasaga viazi vilivyobaki kwa uma mpaka vikalainika. Ndipo Bibie akashika kijiko, akachota nusu, akashusha kidevu, akala. Akameza. Akachota tena.

Binti alipiga magoti kumfungua mama yake. Utepe ulikuwa umeacha mstari mwekundu kwenye ngozi. Ncha ilikuwa bado katikati ya vidole, pale alipoiweka, haijasogea hata kidogo. Akaivuta yeye, kwa vidole viwili, na fundo likafumuka.

"Mama," akauliza taratibu, Bibie asisikie, "kwa nini hukuvuta?"

Fundi alikuwa anamtazama mtoto akikwangua bakuli.

"Nilivuta," akasema.